Kiti Walichowekewa Polisi

Mtu akiniuliza nilifanya kazi wapi kabla ya kustaafu, humjibu kwamba nilifanya kazi katika mahakama za Marekani, nikiwa chumbani kwangu Al Qusais. Wengi hudhani natania. Sitanii. Kule Marekani kuna watu wengi wanaozungumza Kiswahili: Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi, Wakenya waliokwenda kusoma wakabaki, Watanzania wenye maduka. Watu hao husimamishwa barabarani na polisi, hugongewa mlango, hushtakiwa, huitwa kutoa ushahidi. Katika mji mdogo wa huko si rahisi kumpata mkalimani wa Kiswahili. Basi karani wa mahakama huipigia simu kampuni ya ukalimani, nayo kampuni humtafuta mtu popote alipo, mradi amefaulu mitihani yao na mtandao wake haukatiki. Kwa miaka mingi mmoja wa watu hao alikuwa mimi, Nekesa, mzaliwa wa Kitale, niliyekuja Dubai kulinda lango la ghala.

Asubuhi ya mahakama zao ilikuwa jioni yetu. Kabla ya kuingia kwenye kesi nilifunga dirisha, nikazima feni, nikafungua milango ya kabati la nguo na kukaa nikiwa nimelielekea, kwa sababu nguo hunyonya mwangwi na sauti hutoka safi. Ndege ndizo zilizonishinda. Mnaokaa Al Qusais mnajua zinavyopita juu ya paa zikienda kutua. Siku moja jaji alisimamisha kesi akauliza, "Je, mkalimani yuko kwenye uwanja wa ndege?"

"Hapana, Mheshimiwa," nikajibu. "Uwanja wa ndege ndio ulio kwa mkalimani."

Jaji alicheka. Nilipomhadithia Bi Zuhura, yeye hakucheka hata kidogo.

"Umeulizwa uko wapi, umejibu mzaha," alisema. "Mkalimani hana mzaha wake mwenyewe. Akitaka kufanya mzaha mshtakiwa, utafsiri mzaha wa mshtakiwa. Wako uweke kwenye mkoba."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi hii sasa, na nitaanza na huyu mama, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Bi Zuhura ni Mzanzibari wa Rashidiya, hapa hapa Dubai. Wazazi wake walimleta hapa akiwa mdogo, na maisha yake yote ya kazi ameyatumia kutafsiri kati ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Mumewe alikuwa akihifadhi mizigo katika ghala nililolilinda, kabla haijapelekwa bandari ya Hamriya kupakiwa. Mara nyingine alikuja naye kukagua. Mimi kazi yangu langoni ilikuwa kupekua mikoba ya wafanyakazi wanawake wakitoka zamu. Walipokwisha kutoka nilikaa kwenye kibanda nikisoma.

"We mlinzi, wasoma nini hapo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Sheria, madam."

"Madam ni mke wa arbab wako, huyo tajiri wako. Mimi niite Bi Zuhura. Sheria ya wapi?"

"Ya Marekani."

"Unakwenda Marekani?"

"Hapana."

"Sasa wasomea nini?"

Nilimwambia kweli yote. Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu, na kilikuwa cha Marekani kwa sababu hakikuwepo kingine. Lakini nilipofika sura ya upekuzi sikuweza kukiacha. Nilitaka kuelewa kwa nini mimi, mlinzi, nafungua mikoba ya watu kila jioni bila kumuuliza mtu, na polisi wa Marekani, mwenye bunduki na nyota kifuani, anazuiwa mlangoni na karatasi.

"Kiswahili chako cha bara kibovu," alisema, "lakini swali lako zuri. Njoo kwangu Ijumaa."

Kwa hiyo Ijumaa zangu za mapumziko zilikwisha hivyo, sebuleni kwa Bi Zuhura, kwa miaka.

Swali langu lile la langoni lina jibu, na nataka mlijue vizuri kwa sababu vijana wengi hulikosea. Nilikuwa na mwenzangu, Kiprono, mlinzi wa zamu ya mchana, aliyependa mno tamthilia za polisi wa Marekani. Jioni moja msimamizi wetu, Mganda mpole, aliamua kuwapekua walinzi wenyewe pia. Basi la kambini lilikuwa limeshawashwa.

"Fungua begi," alimwambia Kiprono.

"Siwezi, sir. Uko na waranti?"

"Na nini?"

"Waranti. Karatasi ya jaji. Bila hiyo hugusi begi yangu. Niko na haki zangu."

"Yalla, Kiprono, fungua, basi linaondoka."

"Niko na haki ya kunyamaza pia."

"Nyamaza, sijakukataza. Lakini fungua."

Waliokuwa ndani ya basi walianza kupiga kelele: "Kiprono bana, fungua! Tuko na njaa!" Mwishowe alifungua. Mlikuwa na soksi na chapati mbili. Msimamizi aliinua soksi moja kwa ncha ya kalamu akasema, "Kwa hizi, hata jaji angeogopa kutia sahihi."

Kiprono alikosea mara tatu kwa pumzi moja. Kwanza, sheria ya Marekani haipandi ndege pamoja nawe. Hapa tulipo pana sheria zake, na anayezitaka awaulize wanaozijua. Pili, hata angekuwa Marekani, kanuni ile imewekwa kuizuia serikali. Inamfunga polisi. Haimfungi mwenye ghala aliyeandika kwenye mkataba wako kwamba utapekuliwa ukitoka. Tatu, alidhani kwamba bila karatasi hakuna upekuzi kabisa, na hilo si kweli hata kwa polisi.

Mambo yako hivi. Kule nyumba ya mtu inalindwa kuliko karibu kitu kingine chochote. Polisi akitaka kuingia kupekua, kwa kawaida anatakiwa awe na hati ya upekuzi, na hati hiyo hajiandikii. Anaapa mbele ya jaji, anaeleza kwa nini anaamini ushahidi wa kosa umo humo, na jaji akiridhika ndipo anatia sahihi. Hati itaje ni nyumba gani na kinatafutwa nini. Kama kinachotafutwa ni televisheni ya wizi, huwezi kuitafuta ndani ya kopo la sukari. Lakini kuna njia nyingine za kuingia. Mtu akipiga mayowe ya kuuawa ndani, polisi hangojei karatasi. Gari lina masharti mepesi kuliko nyumba. Anayekamatwa hupekuliwa mifuko. Na iko ridhaa: mwenye nyumba akikubali mwenyewe, kwa hiari, hati haihitajiki. Upekuzi ukivunja kanuni, jaji anaweza kukataa kilichopatikana kisitumike katika kesi, hata kama ni kitu cha kweli na kimeonekana kwa macho.

Nilipolisoma hilo la mwisho nilimuuliza Bi Zuhura, "Na kama kitu ni chake kweli? Mwenye hatia aende zake?"

"Huenda akaenda," alisema. "Kanuni ya mlango haichagui mlango. Ikimlinda mwema tu, nani atajua mwema ni yupi kabla ya kuingia?"

Nililitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Bado sijui kama linaniridhisha kabisa. Lakini nimelitafsiri likisemwa na majaji, kwa maneno mengine, mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Sasa, mtu akiingia kwenye mahakama ile kwa mara ya kwanza, kinachomchanganya zaidi ni nani ni nani. Mshtakiwa huona watu wote wamevaa suti, wote wanazungumza Kiingereza, na hudhani wote ni kitu kimoja. Mwendesha mashtaka anaiwakilisha serikali, na ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wakili wa utetezi yuko upande wa mshtakiwa. Jaji hana upande. Yuko mwandishi anayechapa kila neno, yuko karani, yuko askari wa mahakama anayesema "simameni". Mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na serikali, na hapo ndipo nilipozoea kusikia swali lile lile: "Analipwa na yule yule anayenishtaki? Atanitetea kweli?" Nililitafsiri swali hilo kwa mawakili wengi. Wazuri hawakukasirika. Walivuta kiti wakaeleza.

Na lipo baraza. Kesi ikifika mbele, raia kumi na wawili wasio wanasheria huketi pembeni, wakasikiliza, na wao ndio huamua kama shtaka limethibitishwa. Nilipoanza niliwaita "wazee wa baraza", kwa sababu ndivyo nilivyosikia nyumbani. Kijana mmoja Mkenya aliyeshtakiwa aliwatazama, kisha akanong'ona kwenye kipaza sauti, "Mama, wazee ni gani hapa? Yule dada ana nywele za zambarau."

Kila linalosemwa hutafsiriwa. Nikalitafsiri. Mahakama nzima ilimgeukia yule dada, naye akazigusa nywele zake. Tangu siku hiyo nilisema "raia walioteuliwa kuamua kesi". Ni maneno mengi zaidi, lakini hayamtafuti mzee asiyekuwepo.

Kila linalosemwa hutafsiriwa. Ukikumbuka hilo peke yake katika barua hii, umepata nusu ya kazi. Nusu nyingine ni "mimi". Shahidi akisema, "Nilimwona," hutasema, "Anasema alimwona." Utasema kwa Kiingereza, "Nilimwona." Unavaa mdomo wa mtu na unauvua anapomaliza.

Bi Zuhura alinifundisha hayo kwa ukali. Alijifanya shahidi, akasema maneno ya ovyo kwa Kiunguja, nami nikatakiwa kuyasema kwa Kiingereza bila kupunguza.

"Umesema 'alikasirika'," alinikatiza. "Mie nimesema 'alifura kama andazi'. Andazi langu liko wapi?"

"Nilidhani halina maana kwa Mwingereza."

"Nani kakuajiri udhani? Na akitukana?"

"Akitukana…"

"Tukana."

Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Neno "mjinga" lenyewe hunitoka kwa shida. Lakini siku ilifika ambapo mshtakiwa mmoja, mlevi aliyekuwa hajalevuka sawasawa, alimwambia jaji kwamba kichwa chake ni kama papai lililooza na hakifai hata kulishia nguruwe. Nilivuta pumzi, nikamwambia jaji wa Marekani, kwa sauti ya wazi, kwamba kichwa chake ni kama papai lililooza na hakifai hata kulishia nguruwe. Jaji alikuwa na upara. Aliupapasa polepole.

"Mwandishi aandike," alisema, "kwamba mkalimani hana maoni yoyote juu ya jambo hili."

Mambo madogo madogo yatawasaidia. Maji yawe ya kawaida, kwa sababu ya baridi hukaza koo. Usinywe chai ukiwa kwenye kesi. Mfyonzo wa chai unasikika hadi Marekani. Andika kila jina na kila tarakimu wakati huohuo, na kesi ikiisha ichane karatasi. Na jifunzeni kuhesabu kwa Kifaransa. Najua mnashangaa. Mkongo atazungumza Kiswahili vizuri kabisa mpaka afike kwenye mwaka aliozaliwa, hapo ataruka kwenda kwenye Kifaransa bila kukuaga. Nilikaa kwenye metro kati ya Al Qusais na mjini nikihesabu vituo kwa Kifaransa, watu wakisogea mbali nami.

Lakini onyo kubwa la Bi Zuhura lilikuwa jingine. Nilikuwa nimemaliza zoezi, shahidi wangu wa kujifanya alikuwa ameeleza ugomvi wa ndoa, nami nikaongeza sentensi moja ya kufafanua desturi ya mahari. Nilijiona nimefanya vizuri.

"Nani kakuuliza habari za mahari?" alisema.

"Nilitaka jaji aelewe. Mimi najua watu wetu."

"Watu wetu!" Aliinua kikombe chake. "Mie na wewe twazungumza lugha moja. Umekunywa kwangu Ijumaa ngapi? Haya niambie, chai yangu natia nini?"

Nilifikiri. "Iliki?"

"Mdalasini. Na hukuwahi kuuliza. Sasa wataka kumweleza jaji moyo wa mtu ambaye humjui hata jina la mamake? Wakili yupo. Kuuliza ni kazi yake. Khalas."

Nilidhani ananionea. Hadi nilipokutana na mama ambaye hapa nitamwita Mama Furaha.

Jina si lake, na mji siutaji. Kiapo chetu cha siri hakistaafu. Nilichobakiza ni kile tu kilichosemwa mahakamani, mbele ya watu.

Alikuwa Mkongo wa makamo, mjane, aliyepelekwa Marekani na watoto wake kutoka kambini. Mwanawe wa kiume, nitamwita Amani, alikuwa ametoka tu kutimiza umri wa kushtakiwa kama mtu mzima. Siku moja polisi wawili waligonga mlango wa nyumba yao. Hawakuwa na hati. Mtu alikuwa amewadokezea jambo, nao wakaja kuulizia. Hapakuwa na mkalimani. Mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama wanaweza kuingia kuangalia, akaonyesha ndani kwa mkono. Mama Furaha alifungua mlango mpana. Walipekua chumba cha Amani, na chini ya kitanda, ndani ya mkoba wa mgongoni, wakakuta bastola.

Wakili wa Amani, dada kijana mwenye mafaili mengi mezani, alimwomba jaji aikatae bastola ile kwa kuwa ilipatikana bila hati. Serikali ilisema hati haikuhitajika, kwa sababu mama mwenye nyumba aliridhia. Kwa hiyo swali la siku hiyo lilikuwa moja tu: je, Mama Furaha alikubali kwa hiari? Kama ndiyo, bastola inaingia, na Amani anakabiliwa na jela, na baada ya jela, kwa mkimbizi, huenda akafukuzwa nchini. Kama hapana, serikali haina kesi. Raia wa baraza hawakuwepo. Jambo kama hilo huamuliwa na jaji peke yake.

Polisi alitoa ushahidi kwanza. Sikumwona kuwa mwongo. Alisema mama alitabasamu, akafungua, akawakaribisha kwa mkono. Aliamini amekubaliwa.

Kisha Mama Furaha alikula kiapo, na mimi nikawa mdomo wake. Kwenye skrini nilimwona amevaa kitenge kilichopigwa pasi, mikono yake imelala juu ya meza kama ya mwanafunzi. Wakili wa Amani alimuuliza machache kuhusu siku ile na kuhusu Kiingereza, ambacho hakukijua. Akakaa. Mwendesha mashtaka akasimama. Alikuwa mtu wa adabu, na maswali yake yalikuwa mafupi.

"Mama, ni wewe uliyefungua mlango?"

"Ni mimi nilifungula."

"Walikusukuma?"

"Hapana."

"Walikutishia, au walitoa silaha?"

"Hapana. Zilikuwa tu ku kiuno."

"Wakiwa ndani, ulifanya nini?"

"Niliweka biti, bakae."

"Uliwawekea viti. Kuna kingine?"

"Nilibapikia chai."

Niliyasema yote kwa Kiingereza, na nilisikia jinsi yalivyoanguka. Nilifungua mlango. Niliwawekea viti. Niliwapikia chai. Mwendesha mashtaka alimtazama jaji kwa muda mfupi, kama mtu ambaye amemaliza kazi yake mapema.

Nilijua kosa liko wapi, au ndivyo nilivyojiambia. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mama yangu kule Kitale aliwawekea kiti hata watu waliokuja kumgombeza, akawapa chai, kisha ndipo wakagombana. Kiti ni heshima. Hakina maana kwamba mgeni akainame chini ya kitanda cha mwanao. Mmarekani huyu angejuaje? Katika mahakama nzima mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilikuwa Al Qusais nikilitazama kabati la nguo.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba kusema."

"Sema, mkalimani."

Maneno nilikuwa nayo tayari. Ningeanza na "katika utamaduni wetu". Jaji alikuwa amekwisha kunigeukia, na mwandishi ameweka vidole kwenye mashine yake. Ndipo nikaona kikombe cha Bi Zuhura, kama kimewekwa mbele yangu. Chai yangu natia nini? Mama Furaha sikujua anatia nini. Sikujua alitoka kijiji gani, wala amepita wapi.

"Mkalimani anaomba mwendesha mashtaka arudie swali la mwisho," nilisema.

Alirudia. Mama Furaha alijibu vilevile: aliwapikia chai. Mwendesha mashtaka akasema hana swali zaidi.

Jaji alimuuliza wakili wa utetezi kama anataka kumuuliza tena shahidi wake. Yule dada alikuwa anapekuapekua faili. Kwa muda niliona kwamba ataachilia, na nikajuta kunyamaza. Kisha alilifunga faili, akamtazama mama.

"Mama Furaha, kwa nini uliwawekea viti?"

Ndege ilipita juu yangu. Nilizima kipaza sauti mpaka ikaisha. Mama alipoanza kusema, alisema polepole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hakujua kwamba kuna watu hawalijui.

"Kwetu, basoda bakifika ku mulango, unafungula mbio. Unacheka. Unaweka kiti, unapika chai. Unabapatia ile banataka. Ni vile unabaki muzima. Jirani yangu alifunga mulango. Nyumba yake haiko tena. Na yeye haiko tena. Ile siku niliona buti zao, nikaweka biti."

"Ulifikiri unaweza kukataa?"

"Kukatala? Nani anakatala?"

Nililisema lote, tangu basoda, yaani askari, hadi buti zao. Nilisema "unacheka" mahali pa kucheka, na "nyumba yake haiko tena" na "yeye haiko tena", kwa mpangilio wake, kwa utulivu wake, kwa sababu yeye alikuwa mtulivu. Kiingereza changu hakikutetemeka.

Nataka muelewe kilichotaka kutokea. Ningesema maneno yangu ya utamaduni, ningemwambia jaji kwamba wale polisi walikaribishwa kwa ukarimu, kwa moyo mweupe, kama wageni. Mwendesha mashtaka angenishukuru. Hiari ndiyo hasa aliyokuwa anaitafuta, nami ningemletea mezani na kuipamba. Ningemfunga Amani kwa desturi ya Kitale, kwa nia njema kabisa. Nilikuwa nimekiona kiti, nikakifanya cha mama yangu. Kilikuwa cha Mama Furaha, na kilikuwa cha hofu. Aliyejua kuuliza ni wakili, aliyejua kujibu ni mwenyewe, na mimi nilitakiwa kupitisha jibu bila kumwaga. Nililipitisha. Nimefanya kazi nyingi maishani, na hiyo ndiyo ninayotembea nayo kichwa kikiwa juu.

Jaji alitoka, akarudi, akatoa uamuzi. Alisema serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba ridhaa ilikuwa ya hiari, na haikuthibitisha. Alisema hamlaumu polisi kwa alichokiona. Kilichoonekana kilifanana na kukubali. Lakini mtu anayefungua kwa kuamini kwamba hana njia nyingine, hajaridhia. Ametii. Bastola haitatumika.

Amani aliinamisha kichwa mezani. Mama Furaha hakulia. Aliinua mkono, kama darasani, na jaji akampa ruhusa.

"Muulize jaji," alianza, nami nikatafsiri hata hilo, kwamba nimuulize jaji, "bakirudi, naweza kuacha mulango umefungwa?"

"Wakiwa hawana hati, na hakuna mtu aliye hatarini ndani," jaji alijibu, "unaweza kusema hapana, mama. Hakuna atakayekufanya lolote kwa kusema hapana."

Nilimpelekea hilo kwa Kiswahili. Alilisikiliza. Aliliomba tena, nikalirudia.

"Na kiti?" aliuliza.

Jaji alivua miwani. "Kiti ni chako, mama. Utamwekea umtakaye."

Mama Furaha alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yao na jioni yangu, alitabasamu, na tabasamu hilo halikuwa la mlangoni.

"Wewe," alimwambia, "nitakuwekea."

Nikalisema kwa Kiingereza kama lilivyokuja, bila kuongeza neno.